Pini Zilizokatikia Nje ya Alama

Mpendwa Bi. Noreen,

Nimekuwa nikikusoma tangu safu yako ilipokuwa imebanwa chini ya matangazo ya vifo, na sikudhani hata siku moja kwamba ningekuwa mmoja wa hawa wanaokulilia, lakini nimekwama, naomba unishike mkono, maana jambo lenyewe nyumbani siwezi kulisema na kazini ndiko lilikozaliwa.

Mimi ni mwanamke, sina mume wala mtoto, na nafanya utafiti katika chuo hapa Corrie Bay. Kazi yangu kwa lugha ya kawaida ni kuvunja vyuma: nachukua kipande, nakibana kwenye taya mbili za mashine, nakivuta mpaka kikatike, kisha naandika kilihimili nguvu kiasi gani. Profesa wangu, nitamwita Pennicott ingawa si jina lake, ndiye aliyenipokea nilipokataliwa kwingine kote, mkewe aliniletea supu nilipolazwa, na mkataba wangu umefika ukingoni na ni yeye peke yake anayenipigania, kwa hiyo tafadhali unaponijibu usimfanye jambazi, si jambazi.

Kuna karakana imebuni namna ya kufufua pini zilizolika, zile pini nene zinazoshika viungo vya nguzo za chuma zinazobeba paa kule chini kwenye mgodi wa makaa. Badala ya kuzitupa wanaziongezea chuma kipya kwa leza, wanazichonga, zinarudi zinang'aa, na sisi tukapewa kazi ya kuzipima na kuandika makala kwa ajili ya jarida la kisayansi la mambo ya vyuma, jarida kubwa, lile ambalo ukitokea humo mara moja hata watu waliokuwa wanakupita mkutanoni wanaanza kukuuliza hali.

Sasa nifuate taratibu hapa, Bi. Noreen, maana ndipo penye shida. Kabla ya kuvuta kipande tunakichora alama mbili, na kanuni yetu inasema kikikatikia kati ya alama, jaribio ni halali, kikikatikia nje ya alama, karibu na taya, jaribio linafutwa na tunarudia na kipande kingine, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba taya zilikiuma vibaya. Ni kanuni nzuri, haikutungwa na wezi. Lakini pini hizi ni fupi, na kwa jinsi tulivyozikata, pale chuma kipya kinaposhikana na cha zamani pakaangukia nje ya alama, na vipande vikaanza kukatikia palepale kwenye maungio, hiki na hiki tena, kwa nguvu ndogo ya kutisha, wala havikunyumbuka kwanza kama chuma kinavyofanya, vilikatika pah! kama sahani. Nami nikawa nafuta, narudia, nafuta, narudia, mpaka nikapata vya kutosha vilivyokatikia ndani, na hivyo vilikuwa na nguvu kwelikweli, nikajaza jedwali langu.

Nilimpelekea Pennicott vile vilivyofutwa, nimevijaza kwenye ndoo. Alikuwa anakunywa chai yake, akachungulia tu.

"Binti," akasema, "kilichokatikia nje ya alama hakikufeli. Ni jaribio ambalo halikufanyika."

"Lakini Profesa, ni vingi kuliko vilivyofaulu."

"Basi jifunze kubana taya vizuri!"

Akacheka, wala si kwa ubaya, nami nikacheka kwa sababu yeye amecheka, nikarudi mezani nikaandika kwenye mswada sentensi ambayo sasa nailala na kuiamkia: "Vipande vyote halali vilihimili zaidi ya kiwango kinachotakiwa." Hakuna neno la uongo ndani yake, Bi. Noreen, nimeipekua mpaka macho yakaniuma, uongo haupo.

Tumeshaandaa kila kitu. Ikisiri tumeifupisha mpaka ikatosha, marejeo yamepangwa wanavyotaka wao, barua ya kumbembeleza mhariri imeandikwa, na picha ya hadubini niliichagua mimi, ya kipande kilichokatikia katikati, uso wake una vishimo vidogovidogo vizuri kama mkate uliochachuka vyema. Pennicott ameshaupakia mswada kwenye tovuti ya jarida, na kila mwandishi mwenza ametumiwa ujumbe wa kuthibitisha kwamba ameusoma na ameuridhia. Wote wamethibitisha. Nimebaki mimi, na mimi ndiye mwandishi wa kwanza. Jana kanipitia mlangoni, kasema, "Mbona unatuchelewesha, mama? Bonyeza tuendelee na maisha."

Tena kuna mdogo wangu, nitamwita Kel, anafanya kazi chini mgodini, ni fundi wa hizohizo nguzo za paa. Jumapili tulikuwa kwa baba, tumechoma soseji uani, Kel akaanza utani wake, "Daktari, pini zako zimefika! Zinang'aa kuliko gari langu. Wametufungia kwenye nguzo mbili za mwisho, eti za majaribio." Nikamuuliza nani kawaruhusu, akasema karakana walileta karatasi yenye jedwali la chuo. Ni jedwali langu, Pennicott aliwapa rasimu. Baba akasema, "Angalau mmoja wenu ana kazi yenye faida kwa mwenzake," na wote wakanigongea glasi, nami nikainua yangu. Pennicott anasema hayo ni majaribio tu, kila pini ina wenzake wa kusaidia kubeba, na pengine ni kweli.

Nikikataa kuthibitisha, makala inakufa, mkataba wangu unakufa nayo, na mtu aliyenitendea wema wote huu anaaibika mbele ya karakana na mbele ya chuo. Nikithibitisha, sijui nitaishije na ile ndoo. Naomba unishauri, dada yangu, nibonyeze au nisibonyeze, na kama nisibonyeze, nimwambie Profesa kwa maneno gani asiumie?

Wako,
Mvunja Vyuma, Corrie Bay

---

Bi. Noreen anajibu:

Mvunja Vyuma, acha kusoma. Chukua simu, mpigie mdogo wako, mwambie yeye na wenzake watoke chini ya nguzo zile mbili na wasirudi mpaka pini zitolewe. Akikucheka, mwambie tena. Ukimaliza, rudi hapa tuzungumze.

Umempigia? Haya.

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nilipofika kwenye soseji nikakaa. Umeniandikia kuhusu kubonyeza. Umeniandikia kuhusu mkataba, supu ya mke wa profesa, picha ya hadubini, na maneno laini ya kumwambia mtu mzima asiumie. Halafu pale chini, baada ya haya yote, ukaanza na "tena kuna mdogo wangu," kama mtu aliyekumbuka kununua chumvi! Wewe mwanamke wewe! Pini zimeshafungwa. Paa limeshazikalia. Yaani nduguyo anaingia zamu chini ya kitu ulichokiona wewe kwa macho yako kikikatika kama sahani, nawe unaniuliza habari za kitufe?

Sikuiti mwovu. Nimekaa mji huu tangu nilipoolewa, nimezika watu wa makaa, na nakwambia sijaona bado mwovu hata mmoja aliyesababisha ajali. Kila mara ni watu wema waliofuata kanuni na kunywa chai. Profesa wako nitakubali si jambazi, kwa kuwa umeniomba. Lakini ameambiwa vilivyofutwa ni vingi kuliko vilivyofaulu, akatania. Na wewe ukacheka. Hapo ndipo nilipokukasirikia, hapo kwenye kucheka, maana ulikuwa umeshajua.

Najua unaogopa. Kukaa bila kazi katika umri wako, baada ya kusoma miaka yote hiyo, huku baba anajivunia kila Jumapili, si mchezo. Ningekuwa karibu ningekushika mkono kweli. Ila mkono wangu mmoja ungekushika na wa pili ungekupa simu.

Kuhusu sentensi yako isiyo na uongo, usiipekue tena. Ulimwachia msomaji akuamini, kisha ukamficha ndoo. Huo ni uongo, na kwamba kila neno lake ni safi ndicho kinachoufanya uwe mbaya, maana hata mhariri mwenye macho makali hawezi kuukamata. Anayeweza ni wewe tu.

Kwa hiyo sikiliza. Usithibitishe. Mwandikie Pennicott na waandishi wenza wote kwa pamoja, maneno machache, bila kulia wala kuomba radhi: vipande vingi vilikatikia kwenye maungio, kwa nguvu ndogo, vikafutwa kwa kanuni ambayo hapa haikufaa, na wewe hukubali jina lako litumike mpaka vyote viingie kwenye jedwali. Weka picha ya kipande kilichokatika kama sahani pale ulipoweka ile ya mkate. Maneno ya kumwambia ili asiumie hayapo, usiyatafute. Ataumia. Pengine hatakusemesha tena, na mkewe atavuka barabara akikuona. Akikataa kubadilisha, mwandikie mhariri wa jarida mwenyewe, mwambie mwandishi wa kwanza hajaridhia, nao watausimamisha mswada. Mkataba wako, nadhani, ndiyo basi. Sitakudanganya kwamba watakupigia makofi. Katika mji huu watu waliosema mapema husahauliwa, kwa sababu kile walichokizuia hakuna aliyekiona.

Lakini hayo ya jarida yanaweza kungoja hata wiki. Pini haziwezi.

Na sasa nikuambie nilichofanya, nawe unune ukitaka. Mimi si padri wa kutunza siri. Barua yako ilipofika niliwapigia wakaguzi wa usalama wa migodi, nikawasomea yale ya pini na ya Kel, nikaruka ya mkataba kwa ajili ya heshima yako. Kijana aliyepokea alinisikiliza vizuri. Akaniuliza swali moja tu: "Ni mgodi upi, mama?"

Nikaipekua barua yako upya. Ulikuwa mwangalifu mno. Jina lako hukuandika, la profesa umelibadilisha, la mdogo wako umelibadilisha, karakana hukuitaja, anwani hukuweka, simu hukuweka. Kwenye mlima ulio juu ya mji wetu kuna migodi zaidi ya mmoja, na nguzo za paa ziko kote. Akaniambia watapiga simu huku na huku, akanishukuru, akakata. Nilipiga tena kesho yake, wakasema bado wanaulizia. Nimepiga chuoni, wakasema wanaopima vyuma kwao ni wengi, namtafuta yupi? Umejificha vizuri mpaka hata anayetaka kumwokoa nduguyo hawezi kumpata.

Nimemwomba mhariri wangu atoe safu hii leo badala ya Jumamosi, na barua yako nimeiacha yote bila kukata. Kama utaona haya kusomwa na mji mzima, ona haya huku simu ikiwa sikioni.

Na sasa naongea na wewe kijana wa chini, ambaye jina lako silijui. Una dada anayefanya kazi chuoni, baba yenu aliwachomea soseji Jumapili, na kwenye nguzo mbili za mwisho mmefungiwa pini zilizofufuliwa. Pengine gazeti hili liko kwenye chumba chenu cha chai na zamu haijaanza. Waonyeshe wenzako. Usiingie.