Maji Yanayoshuka Kutoka Jaani

Jumatano, Februari 2007. Kitale. Jua kali tangu asubuhi, hewa imesimama kabisa.

Hii ni wiki ya tatu maziwa yangu yanaganda kabla ya kufika Bungoma. Nilianza na baiskeli na mkebe mmoja, leo nina pikapu. Sijawahi kuuza kitu kibovu. Lakini jana Mama Nafula, mwenye hoteli anayechukua nusu ya mzigo wangu, aliniambia mbele ya wateja, "Baba Kamau, maziwa yako siku hizi inaamka mapema kuliko mimi. Ikiganda tena, usirudi."

Walicheka. Mimi sikucheka.

Niliwashuku wafugaji wa kule Kwanza wanaoniuzia maziwa. Mke wangu alishuku mkono wa mtu. Basi jana hiyohiyo nikachemsha maziwa ya ng'ombe mmoja, nikayagawa katika chupa mbili za soda, za plastiki: moja niliisuuza kwa maji ya mvua yaliyobaki kwenye tangi, nyingine kwa maji ya chemchemi tunayooshea mikebe.

Leo asubuhi, chupa ya maji ya mvua bado ni maziwa. Ya chemchemi imevimba, ngumu kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani yenye umande. Nilipolegeza kifuniko, ilipumua.

Nikapanda hadi kwenye jaa la taka la mji, juu ya chemchemi. Pamoja na ukame wote huu, chini ya lile lundo panatiririka maji meusi. Nikatia kidole. Vuguvugu, kama maziwa yanayotoka kwenye kiwele. Yanashuka kidogo, kisha yanaingia ardhini. Nilizunguka kote. Hayatokei popote yakiwa meusi.

Yanatokea kwetu, maangavu na baridi.

Nilirudi nyumbani nikanawa. Nilikuwa nimeshamaliza nilipokumbuka ni maji gani.

Fundi wa maabara mjini aliiangalia chupa, akasema hao ni bakteria, ndio wanaotoa hiyo hewa. Majibu kamili kesho kutwa. Kwa sasa maji hayo tusiyanywe.

Nikawaambia majirani. Mama Wambui hakuacha hata kujaza mtungi. "Visima zote zimekauka, ni hii tu Mungu ametuachia. Ati maziwa yako imeharibika, sasa sisi tukunywe nini?"

Mtoto wake anaharisha tangu Jumapili. Anasema ni meno.

Na mimi siku zote hizi nahangaikia mikebe.

Kesho siendi Bungoma. Mama Nafula atafute mwingine. Nitabeba maji ya bomba kutoka mjini, mtungi wa kwanza niupeleke kwa Mama Wambui, halafu nizibe ile chemchemi kwa simiti. Wataniita mchawi.

Waniite, mtoto akishakunywa.