Bosi Haendi Columbus

Jumatano, Buffalo. Nje kuna baridi ya kuondoa masikio kichwani, na upepo wa ziwani unagonga madirisha kama mtu aliyefungiwa nje.

Nuhu angenifahamu mimi, safina ingeisha kwa wikiendi moja, na twiga angepewa chumba chake chenye dari ya juu. Sijisifu, naeleza tu. Hapa mtaani kwetu, na ukitaka hapa Marekani nzima, hakuna kijana anayejenga nyumba ya mbwa kunishinda mimi Jonasi, niliyeacha shule pale walipoanza kuingiza herufi kwenye hesabu. Herufi za nini kwenye hesabu? Wabaki nazo. Mimi nina msumeno.

Kwa wageni wa blogu hii: Bosi ni mbwa wangu. Nilimkuta mwezi wa tisa nyuma ya ghala ninakofanya kazi, amejikunja chini ya trela, mbavu zote nje. Nilitaka kumwita Mchungaji kwa sababu ya ule uso wake wa kusikitikia dhambi za watu, mama akashika mwiko. Basi akawa Bosi, ili angalau nyumbani niwe na bosi ninayeweza kumfokea.

Ndani haruhusiwi. Mwenye nyumba alishakataa, na hata asingekataa, mama yangu ni Mrundi aliyelea watoto sita kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Kwake mbwa na sebule ni vitu visivyojuana.

Ila mama si mkatili. Baridi ilipoanza kukaza alisimama dirishani akamtazama Bosi uani, kisha akampigia simu kaka yake, mjomba wangu wa Columbus, mwenye gereji yenye hita. Mjomba anakuja kwetu Jumamosi hii kwa ubatizo, na akirudi ana nafasi kwenye gari.

"Nikimkuta anatetemeka mara moja tu, we Jonasi, anakwenda na mjomba wako," mama akaniambia. "Sitaki maiti ya mnyama uani kwangu."

Mara moja tu! Mimi mwenyewe hutetemeka kila siku nikingoja basi, na hakuna anayenipeleka Columbus.

Nikasema haendi.

Nyumba ya kwanza, nakubali, ilikuwa na matatizo madogo. Kambini nilikuwa najenga mabanda ya sungura, na kule kanuni ni moja: hewa ipite. Nikamjengea Bosi vilevile. Sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi, matundu ubavuni, mlango mpana unaotazama barabara ili awaone wapita njia. Ndani nikamtandikia blanketi mbili nzito, zile zenye picha ya chui. Kwa Kigoma lilikuwa banda safi kabisa. Asubuhi nikamkuta Bosi kalala nje, nyuma ya ngazi, na blanketi zimelowa kwa theluji na pumzi yake, zimeganda. Ungeweza kuziezekea kanisa. Bahati yangu mama alikuwa bado hajarudi kutoka kazini, kwa wazee anaowatunza usiku.

Binamu yangu Eliya wa Louisville alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "We fundi, umejenga friji! Weka na nyama basi!" Nikamwambia aende zake. Huko kwao Louisville theluji huja kusalimia tu, huku kwetu imehamia na familia yake yote.

Ya pili niliijenga kwa hasira. Paleti mbili za kazini, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, nikaziweka chini, isikae juu ya ardhi. Kuta mbilimbili, na katikati nikajaza yale maboksi meupe mepesi wanayosafirishia samaki wa barafu. Kama yanazuia joto lisiingie kwa samaki, yatazuia pia lisitoke kwa mbwa, na hilo sikufundishwa darasani. Mlango mdogo, Bosi anaingia kwa kuinama, umeupa mgongo upepo wa ziwa, na zulia kuukuu la gari linaning'inia kama pazia. Blanketi marufuku. Ndani nimejaza majani makavu ya ngano, yale ambayo Wamarekani huyanunua msimu wa maboga, wakayapanga barazani yapendeze, kisha wakayatupa kando ya barabara. Mama alikuwa ameokota marobota matatu kwa ajili ya bustani yake ya lengalenga, ule mchicha wa kwetu. Sasa yamebaki mawili, na tusiongee sana juu ya hilo. Majani hayanywi maji kama blanketi. Mbwa anajichimbia humo, anajikunja, na joto lake mwenyewe linamrudia.

Wiki hii ikaja baridi yenyewe. Shule zimefungwa, gari la mama limekataa kuwaka. Kwenye maoni ya chapisho lililopita mmoja kaniandikia nimtoe mbwa kwa watu wenye akili. Mwingine anauliza eti Mwafrika na mbwa wapi na wapi. Karibuni wote, mkae mstari wa mbele. Jumapili baada ya ibada niliingiza mkono wangu humo bila glavu, nikakaa nao muda mrefu, nikautoa una joto. Kisha nikaingiza kichwa na mabega. Nikalala nusu ndani nusu nje, Bosi ananipumulia shingoni, mpaka jirani aliyekuwa anapita na koleo la theluji akaniuliza kama nahitaji msaada.

Msaada wa nini? Nilikuwa hotelini.

Jumatatu hakutetemeka. Jana hakutetemeka. Mama alikuwa anachungulia dirishani kama askari wa zamu, akitafuta mtetemo, hakuupata. Mimi nilikuwa kwenye ovataimu, natoka alfajiri, narudi nimechoka, namwagia Bosi chakula kikavu kingi kwa sababu mnyama aliyeshiba hasikii baridi, kisha naingia kulala kama mtu aliyeshinda kesi.

Leo asubuhi mama ameingia chumbani kwangu bila kubisha, koti juu ya kanga.

"Mbwa wako hatetemeki," amesema.

"Si nilikwambia, mama? Mpigie mjomba, mwambie abebe mizigo mingine."

"Hatetemeki kwa sababu hana nguvu za kutetemeka. Ulimi umemkauka. Huyu anakunywa wapi maji?"

Nimetoka na soksi. Ndani ya ile nyumba kulikuwa na joto, naapa. Majani makavu mpaka kwenye kona. Na Bosi yumo katikati yake, pua imekauka, ufizi unanata ukigusa, macho yameingia ndani. Ameniona, akapiga mkia kidogo, akaacha.

Tumembeba, mimi mbele, mama nyuma, tukapita naye sebuleni. Sebuleni! Mama amemlaza bafuni juu ya taulo lake mwenyewe, akawa anamnywesha maji ya uvuguvugu kwa kijiko, kidogo kidogo asije akatapika, huku akimwita "baba, kunywa baba," kama alivyotuita sisi tulipokuwa na homa. Nimepiga simu kazini nikasema naumwa. Mchana Bosi amekojoa kwenye zulia la bafuni, na mama amesema asante Yesu.

Nikamuuliza kuhusu Jumamosi. Hakunitazama.

"Mjomba wako akifika, utazungumza naye mwenyewe. Mbwa ni wako."

Nitazungumza naye. Nitamwambia haendi. Nitambebea Bosi maji ya moto kwenye chupa ya chai asubuhi, nitatoroka kazini mchana nimletee mengine, na jioni tena, na anayetaka kucheka acheke mpaka meno yamgande.

Lakini kuna kitu mama hajui. Nikikiandika hapa itabidi nimwambie leo hii, maana Eliya husoma, na mdomo wake hauna kufuli.

Mama anadhani nilisahau maji. Sikusahau. Jumapili bakuli lilikuwa limeganda mpaka chini. Nililiona. Nikasema moyoni kwamba theluji imejaa ua mzima, na theluji si ni maji? Kisha nikalisukuma kwa mguu nyuma ya ngazi, ili nikipiga picha ya nyumba lisionekane.