Vidonge Nilivyoandika Kwamba Nimemeza

Alhamisi, saa kumi jioni. Mvua imekatika lakini mawe ya nyuma ya nyumba bado yanatiririsha maji, na chumba kizima kinanuka saruji kwa sababu mimi mwenyewe nanuka saruji. Nimechoka. Ni uchovu wa mtu anayeficha kitu, na huo hata ukilala unaamka nao.

Leo karai la zege limenidondoka jukwaani, ghorofa ya pili. Limeanguka hatua moja kutoka alipokuwa ameinama Mama Neema, anayetuchanganyia zege chini.

Hatua moja.

Kwa anayesoma ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni saidia fundi. Kwetu ni upande wa Muleba, ng'ambo ya ziwa. Nimepanga chumba Buzuruga, hapa Mwanza, na tangu mwaka jana tunajenga nyumba ya ghorofa kule Kiseke. Kazini wananiita Nshomile. Ni neno la Kihaya, maana yake "nimesoma", na Wahaya wote tunataniwa nalo kwa sifa zetu za vitabu na Kiingereza. Mimi niliishia darasa la sita. Masanja, Msukuma ninayesimama naye jukwaani, husema hajawahi kuona Mhaya mwingine anayepita kwenye kibao cha Kiingereza akauliza, "Hapa pameandikwaje?"

Sijawahi kumwambia kwa nini niliishia darasa la sita.

Nina kifafa. Nilianguka darasani, nikajikojolea, na wenzangu wote wakakimbilia nje kwa sababu walisikia povu langu linaambukiza. Mara ya tatu mwalimu alimwita baba akamwambia, "Mpumzishe kwanza nyumbani." Nimepumzika miaka kumi na tisa.

Kwa miaka mingi niliamini kuna mtu amenifanyia kitu. Mama alinizungusha kwa waganga, nikachanjwa, nikafukizwa. Nilipofika Mwanza na kuanguka tena, mwenye nyumba wangu wa wakati ule ndiye aliyenipeleka kliniki. Daktari ni mama kijana, anaongea polepole. Alichukua karatasi, akageuza nyuma, akachora duara lenye vitobo. Alisema ubongo ni seli nyingi mno zinazopelekeana habari kwa umeme mdogo. Kwenye ngozi ya kila seli kuna vijilango. Vingine vinaingiza sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, seli inashtuka na kupeleka habari kwa jirani. Vingine vinatoa potasiamu, seli inatulia. Vijilango vikifunguka na kufunga kwa wakati wake, mtu anatembea, anaongea, anakumbuka jina la shangazi yake. Lakini vipo vinavyochelewa kufunga. Watu wengine huzaliwa navyo hivyo, wengine ubongo uliumia utotoni kwa homa au kwa kugongwa. Kwangu mimi alisema hawezi kujua kwa hakika.

Mimi nilichosikia ni chumvi. Nikaacha chumvi wiki mbili nzima, nikala dagaa kama ninakula karatasi. Niliporudi nikamweleza kwa fahari, akacheka mpaka akafuta macho. "Kula chumvi yako, baba. Hii siyo ya sahanini."

Habari ya seli kupelekeana nimekuja kuielewa kazini. Siku ya zege tunajipanga kuanzia chini mpaka juu, karai linapita mkono kwa mkono. Kila mtu anapokea, anatoa, anapumua, anapokea tena. Sasa fikiria wote wanarusha kwa pamoja, hakuna anayepumua, na aliye jirani anaona wenzake wanarusha na yeye anarusha. Kinachotokea hapo ndicho kinachotokea kichwani kwangu. Vidonge ninavyopewa vinakishika kile kijilango cha sodiamu kikae kimefungwa muda kidogo zaidi, ili seli ipumue.

Daktari alinipa daftari. Kila siku niandike: kidonge cha asubuhi, ndiyo au hapana, cha jioni, ndiyo au hapana, dalili au kuanguka, saa ngapi. Kuandika hapa kulianza na daftari hilo. Nilizoea kalamu, nikajikuta nina maneno mengi kuliko nafasi aliyonipa.

Basi ngoja niseme.

Daftari langu ni la uongo.

Kidonge cha asubuhi hunilegeza. Kwa saa moja au mbili naona vitu viwili viwili, nondo mbili, ngazi mbili, Masanja wawili. Chini si neno. Lakini juu, ukikanyaga ubao ambao haupo, ndiyo mwisho. Kwa hiyo siku za kupanda jukwaani nilikuwa simezi cha asubuhi. Niliona ni akili. Nilijiambia nafanya hivyo ili nisianguke. Na daftarini, kwa kuogopa kusemwa na daktari, nikaandika ndiyo. Ningemweleza tu kuhusu macho, labda angenipunguzia au angenibadilishia. Sikumweleza.

Jumatatu nilikwenda kliniki. Akafungua daftari, akaona ndiyo kila mstari, akaona na dalili zimeongezeka. Akaniuliza, "Una hakika hukosi hata kimoja?" Nikasema, "Sikosi, daktari." Akasema basi dawa hii hainitoshi, ikiendelea hivi ataniongezea na ya pili. Mtu amesoma miaka yote ile, halafu anapiga hesabu zake juu ya uongo wa saidia fundi.

Leo asubuhi tulikuwa tunajaza nguzo. Siku ya juu, kwa hiyo kidonge nikakiacha chini ya mto. Masanja alikuwa chini yangu kwenye mstari, ananirushia mimi, mimi nampa aliye juu yangu. Kama saa nne nikasikia harufu ya kahawa inayoungua. Hapakuwa na kahawa. Ndiyo dalili yangu, huja hivyo, halafu tumbo linapanda, halafu mkono wa kushoto unakuwa si wangu. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja tu, "simama." Sikusema. Karai lilifika, mkono wa kulia ukashika, wa kushoto ukafunguka wenyewe.

Nilisikia kishindo, halafu Mama Neema akipiga yowe. Dalili ikapita, sikuzimia. Aliponiona nimeing'ang'ania nguzo, yeye ndiye aliyenihurumia. "Kaa chini mwanangu, umeshtuka." Yeye, aliyekuwa na zege hadi kwenye kilemba.

Fundi mkuu akapanda mbio. "Nani kaachia?"

Nikasema Masanja amerusha vibaya.

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu na bado ipo pale pale. Masanja alinitazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua. Akasema, "Mimi? Nimekupa mkononi kabisa!" Fundi hakutaka maneno. "Masanja, shuka. Na kesho hupandi, utachanganya chini. Nshomile, wewe utabaki juu." Kesho ni slabu, sakafu ya zege ya ghorofa, ndiyo kazi kubwa ya nyumba nzima, na fundi alikuwa ametuahidi wote wawili kwamba tukiisimamia vizuri atatufundisha kusuka nondo. Ukijua nondo si saidia fundi tena. Masanja amesubiri hilo muda mrefu kuliko mimi.

Kwa hiyo kesho, nikinyamaza, mimi nitakuwa juu na mkono unaofunguka wenyewe. Na Masanja atakuwa chini yangu kabisa, pale pale alipokuwa Mama Neema.

Mvua ilitufukuza saa saba. Nimekaa hapa tangu saa nane nikiitazama simu. Nilichoogopa nakijua: si fundi. Ni lile darasa linalokimbilia nje. Hapa Mwanza hakuna aliyewahi kukimbia kwa sababu yangu, maana waliowahi kuniona nikianguka nilihama nisiwaone tena.

Saa tisa na nusu nimempigia Masanja.

Nimemwambia yote, haraka haraka, hata ya chumvi. Halafu akasema, "Kwa hiyo wewe Mhaya, mimi nimeshushwa jukwaani kwa ajili ya ubongo wako?"

Nikasema ndiyo. Nikasema nisamehe.

"Kesho utamwambia fundi mwenyewe, kwa mdomo wako, na mimi nikiwepo. Nataka nimwone uso."

Nikasema sawa.

Nikasikia watoto wake wakigombea kitu nyuma yake. Halafu akaniuliza jambo ambalo tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza, si mwalimu, si baba, si mganga.

"Sasa ukianguka, nikushikeje?"

Nikamwambia usinishike kwa nguvu. Ondoa vitu vya kuniumiza, weka nguo chini ya kichwa, nilaze ubavu. Tazama saa, ikizidi dakika tano tafuta gari la kunipeleka hospitali.

"Kijiko mdomoni siweki?"

"Usiweke kitu chochote."

"Na povu?"

"Ni mate tu, Masanja."

"Mimi ningekimbia," akasema. Angalau hakuniongopea. "Haya, nitakulaza ubavu kwanza, ndiyo nikimbie."

Nimecheka peke yangu humu ndani kama kichaa.

Sijui fundi atasema nini. Huenda akaniacha chini kwenye mchanga mpaka nyumba iishe, nondo nisizisogelee. Huenda akanifukuza kabisa, na nitarudi Muleba na saruji kwenye kucha. Naweza kumlaumu? Mama Neema angekuwa amesogea hatua moja, leo ningekuwa naandika mambo mengine, au nisingeandika.

Nimefungua daftari la daktari. Nimezitafuta na kuzikata "ndiyo" zote za uongo, moja moja, kwa kalamu nyekundu. Ni nyingi kuliko nilivyodhani. Nyingine nimezikata mara mbili kwa hasira. Nimeandika pembeni: "Naona vitu viwili viwili. Nilikuogopa." Kliniki nitakwenda kabla ya siku yangu, nimpelekee likiwa limechafuka hivyo hivyo.

Halafu nimekichukua kidonge cha jioni. Maji yalikuwa yamekwisha, nimekimeza na chai baridi ya asubuhi.

Nimeandika mstari wa leo:

Alhamisi. Asubuhi: hapana. Saa nne: kahawa, mkono. Jioni: ndiyo.