Kahawa Kutoka Mkononi mwa Mama

Mabira, Jumapili

Shangazi Kokuhirwa,

Shikamoo. Mbuzi wako amezaa mapacha, nami nimefaulu Biolojia.

Unakumbuka kaka Novatus alivyovuta bangi hadi akasikia sauti na kudai mama anamwekea sumu? Miezi minane hakula chochote kutoka mkononi mwa mama. Daktari alimwambia aache bangi kabisa na ameze dawa kila siku. Ameacha.

Jana tulipata wageni, mama akawapitishia kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi yetu. Alipofika kwa kaka akasita. Kaka akachukua punje mbili, akatafuna polepole.

"Mama, hii hukuikausha vizuri."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kuona mtu akifurahia kukosolewa hivyo.

Mwanao,
Joanitha