Jimbo Alikozaliwa Mume Wangu

Rosettenville, Jumanne

Eti Mateo wangu ana karatasi za uongo. Mateo, ambaye hawezi hata kunificha kwamba wali wangu umeungua.

Cheti chake cha kuzaliwa kinasema jimbo la Ñuble, mkoa wa Biobío, Chile. Barua ya ubalozi wao inasema mkoa wa Ñuble. Karani wa ndoa, tuliyemwendea atuandikishie ndoa yetu, akacheka. "Bwana, wewe umezaliwa mara mbili? Siandikishi."

Mume wangu akamchorea ramani: Andes huku, bahari kule, mto Itata ukishuka. Akaeleza taratibu kwamba serikali iliipandisha Ñuble kuwa mkoa, makao makuu Chillán, na jimbo la zamani likagawanywa kuwa majimbo matatu. Alivyouchora mto ule, ningeolewa naye tena palepale.

"Sharp, unachora vizuri," karani akasema, akaturudishia karatasi.

Kibali cha Mateo cha kuishi nchi hii kinaisha mwezi huu. Bila cheti cha ndoa, atarudishwa kwao.

Na cheti changu cha kuzaliwa, alichokipokea karani bila pingamizi? Lubumbashi, jimbo la Katanga. Katanga ilishakatwa majimbo manne, haipo tena. Leo nilinyamaza kwa woga. Kesho nitamwonyesha karani kosa hilo mimi mwenyewe. Akivikataa vyeti vyote viwili, basi atufukuze wote wawili.