Gari la Mtu Mwenye Adabu

Nambis, Mbulu
Jumatatu

Mdogo wangu mpendwa Hhando,

Marahaba, maana nakujua, hata bahasha unaifungua kwa shikamoo. Hujambo wewe, na wifi yangu Eva hajambo, na watoto wote hapo Mogitu? Sisi huku ni wazima, Mungu anatutunza, ila mimi dada yako sijatulia tangu ulipotuachia gari lako tulijaribu. Ningepiga simu, lakini Eva huweka sauti kubwa mpaka wageni wanasikia, na haya ni ya ndugu wawili. Nakuomba kitu kimoja tu. Barua hii nimempa Emanuel aje nayo na gari; kama amefika hapo kwako na kufanya jambo lililokuudhi, usimseme kwanza. Soma mpaka mwisho.

Emanuel unamjua. Sijisifu, lakini hapa Nambis ni nani mwingine aliyeanza na gunia moja la vitunguu saumu kwenye baiskeli, na leo wanunuzi wa Arusha wanampigia na kumwita bosi? Huyo nimemzaa mimi. Sasa anataka gari la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na tunaloliweza ni hilo lako. Akiba yake yote itaingia humo na bado haitoshi mpaka maksai wangu wanne waje kwako. Hapo ndipo ninapohangaika. Maksai wakiondoka halafu gari likafa, shamba tutalilima na nini? Tukiliacha, kuna mkwe wangu Irene, na tumbo lake sasa ni kubwa. Hujasahau mvua za mwaka juzi, tulivyompakia kwenye pikipiki na uchungu wake, matope yakatushika, akajifungulia kando ya barabara. Mtoto yule hatukubahatika naye.

Basi juzi Emanuel alilipeleka kwa fundi Joakimu, mjini Mbulu. Walishuka nalo mpaka Dareda, wakalipandisha tena ule mlima wote ili fundi aisikilize injini, kisha wakaja moja kwa moja hapa kunipa majibu. Mimi nilikuwa nimeshawaita akina mama wa jumuiya waje kuliona. Niliwaambia ni gari la mwanangu. Habari ya kwamba bado tunafikiria sikuwaambia, haikuwahusu.

Emanuel akaingia uani, akasimamisha gari, na akabaki amekaa ndani, injini inaunguruma. Sisi watu wazima tumesimama, yeye amekaa. Mmoja wao, Mama Jenifa, akaniuliza kwa sauti ya upole kama siku hizi bosi ndiye anayengoja kuamkiwa. Hhando, uso ulinichoma. Nikaenda kugonga kioo, nikamwambia, "Emanuel, zima hilo gari ushuke uwaamkie wakubwa." Akazima, akashuka, akaamkia mmoja mmoja vizuri kabisa kama nilivyomlea. Fundi Joakimu alibaki kwenye kiti, amejishika kichwa.

Wageni walipoondoka fundi alinieleza jikoni. Injini yako ni nzima, fowili inashika, bodi haijaoza. Kilichokufa ni tabo, kile kinachopuliza hewa ndani ya injini ili ipate nguvu mlimani. Imelegea, inavuja oili, ndiyo sababu ya ule moshi wa bluu uliosema ni baridi ya asubuhi. Alisema tabo hupata moto mkali sana, na oili ndiyo inayoipoza. Ukishapanda mlima unatakiwa uiache injini ingurume polepole kwa muda, ndipo uzime. Ukizima papo hapo, oili inasimama na kuungulia humo humo.

Kisha akauliza kama mwenye gari ni dereva wa fujo. Nikamjibu kwa hasira kwamba ndugu yangu hana fujo, kwamba kuanzia Getanuwas mpaka huku kwetu hakuna mzee aliyewahi kukutana naye njiani bila yeye kuzima gari, kuvua kofia na kushuka chini kumwamkia. Fundi akasema, "Basi mama, ndiyo hiyo."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nilimkumbuka baba alivyokuwa akitushusha kwenye punda kila tukikutana na mtu mzima, hata kama mzigo ulikuwa unaanguka. Kumbe umekuwa ukishuka kwenye punda miaka yote hii.

Tangu hapo nakaa hapa nasimama pale. Nikiwatazama maksai nasema gari lirudi. Nikilitazama gari nasema maksai waende. Chai naitia sukari mara mbili. Jana mvua ya kwanza ilinyesha, na nikamwona Irene amesimama mlangoni, anaitazama barabara. Nikaingia ndani nikamwambia Emanuel tunanunua.

Tabo nyingine Joakimu ameshaipata, ameahidi kuifunga wiki hii. Bei sikuombi uipunguze. Nakuomba maksai wabaki hapa mpaka tumalize kulima, ndipo uje uwachukue. Hilo ndilo fungu lako katika gharama ya ile tabo.

Na sasa lile jambo. Emanuel nimemwagiza mimi. Akishapanda mlima asizime gari kwa ajili ya mtu yeyote, awe padre, awe wewe, niwe mimi. Akae humo mpaka injini ipoe, ndipo ashuke na kuamkia. Leo asubuhi amerudi kutoka mjini akafanya hivyo hapa uani, na Mama Jenifa alikuwepo, ananitazama. Nilisikia vibaya sana, mdogo wangu. Lakini nilisimama pale mikono nyuma, nikamngoja mtoto wangu.

Kwa hiyo kama amekuweka umesimama hapo nje, injini inaunguruma, ujue gari limeshapata mwenyewe. Mpokee shikamoo yake hata kama imechelewa.

Msalimie sana Eva, na watoto wote uwabusu. Irene anakuamkia.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Hilaria, Mama Emanuel