Molekuli ya Damu Tuliyoonyeshwa Kitale

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Myanga tuko salama, na babu anakusalimu. Umeuliza kwa nini nakusihi upimwe damu kabla ya kuolewa.

Mwanangu Wafula, mjomba wako, alipokufa kwa selimundu, ugonjwa wa damu, watu walisema nimemroga. Babu yako akanirudisha kwetu Kitale. Kaka yangu, mwalimu wa kemia, alimwita babu yako shuleni, akafungua kwenye kompyuta programu ya bure ya kutazama molekuli. Tukaiona ile ya damu ikizunguka, na mahali ilipoharibika.

“Hii kasoro mtoto aliipata kwa nani?” babu akauliza.

“Kwenu wote wawili, shemeji. Kila mmoja wenu anaibeba bila kuugua.”

Babu alilia. Tukarudi nyumbani pamoja. Simiyu, mdogo wake Wafula, naye alipokufa kwa ugonjwa huohuo, tulimzika bila kumnyooshea mtu kidole.

Kapimwe, mama, wewe na mchumba wako, mjue kama nyote mnaibeba.

Kukhu wako